Ngano za Usiku na Malezi ya Mtoto

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 39, na katika miaka hiyo 32 nilikuwa mwalimu mkuu. Swali nililoulizwa na wazazi mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Mwalimu, tumfanyie nini mtoto huyu ili apende kusoma?" Nami, kwa kuwa majibu nilikuwa nayo tayari, niliwajibu haraka. Mnunulieni madaftari. Mpunguzieni kazi za nyumbani. Mwekeeni chemli mezani jioni. Mzazi alishukuru akaenda zake, nami nikarudi kwenye maandalio yangu ya masomo. Leo, nikiwa mstaafu mwenye muda wa kujihoji, naona kwamba ushauri ule haukuwa mbaya, lakini ulipungukiwa na jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililelewa nalo, kisha nikalisahau, kisha nikawanyima wengine. Jambo lenyewe ni hadithi anayosimuliwa mtoto usiku kabla hajalala.

Katika kurasa hizi nataka kufuata historia ya saa ile iliyo kati ya chakula cha usiku na usingizi: nani aliishika zamani, nani aliichukua, na watoto walipata nini ndani yake. Nitaanza nyumbani, maana huko ndiko nilikoijua.

Nilizaliwa mwaka 1949 karibu na Muheza, mkoani Tanga. Siku hizo mkonge ulikuwa umetanda toka kando ya barabara mpaka mwisho wa macho. Baba alikuwa mkata mkonge, nasi tuliishi katika kambi ya shamba. Majirani zetu walikuwa Wabena, Wamakonde, Waha na Warundi waliokuja kwa mkataba, na lugha iliyotukusanya wote ilikuwa Kiswahili. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mzaliwa wa ukingoni mwa Mto Pangani. Hakujua kusoma hata herufi moja.

Tulipokwisha kula, kibatari kilizimwa ili kuokoa mafuta ya taa. Yakabaki makaa ya moto kati ya mafiga. Bibi aliketi juu ya kigoda akisuka ukili. Mikono yake haikuhitaji mwanga. Sisi watoto, wa kwetu na wa jirani, tulijipanga juu ya mkeka. Ndipo aliposema, "Paukwa!" nasi tukaitika, "Pakawa!" Iwapo sauti zetu zilikuwa hafifu, alinyamaza. Alisuka ukili wake kimya kama mtu aliye peke yake, halafu akasema, "Nilidhani hapa pana watu, kumbe wamelala." Tukaitika tena kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta. Hadithi haikuanza mpaka wasikilizaji wote wawe wamethibitisha kwamba wapo.

Mchana hakusimulia kamwe. Tukimwomba alituambia kwamba anayesikiliza ngano mchana huota mkia. Mimi niliwahi kujipapasa kiunoni kwa siku tatu baada ya kumsikiliza rafiki yangu mmoja chini ya mwembe. Katika makabila mengi ya nchi yetu wazee walikuwa na katazo la namna hiyo, ingawa adhabu ilitofautiana toka mahali hadi mahali. Nilipokuwa kijana nililicheka katazo hilo. Nilipokuwa mtu mzima niliona hekima yake. Mchana ulikuwa wa jembe, maji na kuni, na usiku ulikuwa wa maneno. Kwa katazo lile wazee waliilinda kazi isiliwe na hadithi, na papo hapo wakailinda hadithi isiliwe na kazi.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kima na mamba. Kima aliishi juu ya mkuyu ulioinamia mto. Kila alipokula kuyu alimtupia mamba aliyekuwa majini, nao wakawa marafiki. Siku moja mamba akamkaribisha nyumbani kwake, akambeba mgongoni. Walipofika katikati ya mto mamba akamwambia kweli: mkubwa wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia. Akasema, "Lo, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri huiacha mioyo yetu mtini." Mamba akamrudisha ukingoni ili akauchukue. Kima akapanda juu, akakaa, asishuke tena. Mamba alipomsihi arudi, kima akamjibu kwa kumsimulia kisa cha punda. Punda huyo alidanganywa na sungura aende kwa simba. Akaponea chupuchupu, akakimbia. Kisha akadanganywa mara ya pili, akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio ya punda kwa siri. Simba alipouliza viko wapi, sungura akajibu kwamba mnyama yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingalirudi.

Hapo bibi alisimama, akamtazama mmoja wetu. Mara nyingi alinitazama mimi, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Haya mume wangu, niambie. Punda yule moyo alikuwa nao, au hakuwa nao?" Nikijibu kwamba alikuwa nao, aliuliza, "Mbona alirudi?" Nikijibu kwamba hakuwa nao, aliuliza, "Sasa sungura alikula nini?" Hakutupa jibu. Alituambia tukalale nalo, na kesho usiku kila mtu aje na lake. Nakumbuka nilivyolala nikiwa nimefumba macho na huku akili inakwenda.

Sisemi kwamba kila kilichosimuliwa kilikuwa asali. Zipo hadithi za mazimwi zilizomfanya mdogo wangu wa kike akojoe kitandani kwa juma zima, mpaka mama akaja kumwomba bibi apunguze makali. Zipo zilizomfanya kila mama wa kambo kuwa mchawi, na zilizomcheka kilema. Tulikuwa na jirani aliyelea watoto wa mke mwenziwe kwa mapenzi makubwa, na nadhani hadithi zile zilimwumiza. Msimulizi ni mlezi, na mlezi huchagua.

Mwaka 1968 nilijiunga na chuo cha ualimu. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja, na katika rafu ya chini nilikuta kitabu kikuukuu chenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kilikuwa mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliochapwa London mwaka 1870 na Edward Steere. Steere alikuwa mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, akawa askofu mwaka 1874, akafa huko huko mwaka 1882. Aliandika hadithi hizo kutoka katika vinywa vya wenyeji waliomsimulia. Nikafungua katikati, nikakutana na Kisa cha Punda wa Dobi. Nilisoma mistari michache, nikaketi chini sakafuni. Ilikuwa hadithi ya bibi yangu.

Ilikuwa yake, lakini haikuwa ile ile hasa. Katika kitabu, rafiki wa kima ni papa wa baharini, si mamba wa mtoni. Mkufunzi wetu wa lugha, nilipompelekea kitabu kile, alinifungua macho zaidi. Alinieleza kwamba kisa hicho kimo katika kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kalila wa Dimna, alichokiandika Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na humo rafiki wa nyani ni kobe. Ibn al-Muqaffa alikitoa katika Kiajemi cha kale, na Waajemi walikipata kutoka Uhindi, katika mkusanyiko uitwao Panchatantra. Na huko Uhindi, mnyama yule wa majini wengi humtafsiri kuwa ni mamba.

Fikiri, msomaji wangu, safari ya hadithi hiyo. Imetoka Uhindi ikaja Uajemi, ikaingia Uarabuni, ikavuka kwa upepo wa kaskazi mpaka pwani yetu. Mamba akawa kobe, kobe akawa papa. Kisha ikapanda bara mpaka ukingoni mwa Pangani, na huko mwanamke asiyejua herufi, au mama yake, au bibi yake, akaona kwamba mto wao hauna papa, akamrudisha mamba. Wasomi waliiandika hapa na pale, lakini masafa yaliyobaki ilibebwa na watu waliokuwa wakilaza watoto. Nilitoka maktaba siku ile nikijiona mwana wa ukoo mkubwa kuliko nilivyodhani.

Ningetegemea kwamba kijana aliyepata neema hiyo angekuwa mtetezi wa hadithi maisha yake yote. Haikuwa hivyo, na sababu zake ni sehemu ya historia ninayoieleza.

Hadithi zetu zilipoingia vitabuni zilipona kusahauliwa. Steere alifanya hivyo, na Carl Velten, Mjerumani, akachapa mkusanyiko wake mwaka 1898. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na baadaye, wakati wa Waingereza, shule zilipata vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili, na watoto wa shule wakawajua Abunuwasi na watu wa Alfu Lela Ulela kwa kuwasoma. Hiyo ilikuwa heri. Lakini hadithi ilipoingia darasani ilibadilika tabia. Bibi aliuliza swali lisilo na jibu moja. Mwalimu aliuliza maswali matano yenye majibu matano, na asiyejua alisimama. Mimi mwenyewe nilifundishwa chuoni kwamba kila hadithi sharti iwe na lengo la somo, nalo liandikwe juu ya maandalio kabla ya jambo jingine. Nikahitimu nikijua kuandika lengo.

Nilianza kazi mwaka 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kila shule ya msingi ikawa pia kituo cha kisomo. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni nilifundisha wazazi na bibi zao kushika kalamu. Sijutii kazi ile hata kidogo. Hesabu ya serikali ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walipungua toka theluthi mbili hivi mwaka 1967 mpaka chini ya theluthi moja mwaka 1977, na mimi nilikuwa mmoja wa maelfu waliosukuma gurudumu hilo. Lakini nyumba yangu nilifika usiku, na madaftari mkononi.

Kuanzia mwaka 1973 mpaka 1976 ikaja Operesheni Vijiji. Nilikuwa nikifundisha wilaya ya Handeni wakati huo. Watu walihama toka mashamba yao yaliyotawanyika wakajenga kwa mistari kando ya barabara. Shule, zahanati na bomba vilisogea karibu, nasi tulishukuru. Ila nilishuhudia jambo ambalo hakuna aliyeliandika katika taarifa. Zamani nyumba ya bibi na nyumba za wanawe zilikuwa katika ua mmoja. Mtoto alivuka hatua kumi akafika kwenye hadithi. Katika kijiji kipya kila kaya ilipewa kiwanja chake kwa zamu ya kujiandikisha, na bibi mmoja niliyemfundisha kisomo alijikuta nyumba 14 mbali na wajukuu zake. Usiku, mtoto mdogo haendi nyumba 14.

Pengo hilo likajazwa na redio. Watu wa rika la wanangu wakikutana mpaka leo hukumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam na sauti ya Bi. Deborah Mwenda akisimulia. Kilikuwa kipindi kizuri. Watoto wa kijiji walikusanyika kwenye nyumba yenye betri, wakakaa kimya kana kwamba wako msikitini. Nami niliridhika: nikasema moyoni kwamba serikali imewapatia watoto bibi mmoja wa taifa zima. Sikutambua kwamba bibi huyo wa taifa, kwa wema wake wote, hakuweza kumsikia mtoto aliyeitika kwa sauti hafifu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilifanywa mwalimu mkuu mwaka 1977, mwaka ule wa kuandikisha watoto wote shuleni. Tulikuwa na watoto wengi, walimu wachache, na mtihani mmoja wa darasa la saba uliotazamwa na kila mtu. Nafasi za sekondari zilikuwa haba mno. Shule yetu ilipata mmoja au wawili kwa mwaka, mwaka mwingine hakuna. Shuleni kulikuwa na kipindi cha Ijumaa alasiri ambapo watoto wa madarasa ya chini walikaa chini ya mkorosho, na mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima kuliko mimi, aliwasimulia hadithi. Mwaka 1979 nilikifuta kipindi hicho. Nikakigeuza kuwa cha hesabu.

Mwalimu yule alikuja ofisini. Alisimama, ingawa nilimwonyesha kiti. Akaniambia, "Mwalimu mkuu, wapo watoto katika darasa langu ambao Ijumaa ndiyo siku pekee wanayofungua mdomo." Nikamjibu kwamba wataufungua kwa kutaja majedwali. Aliinamisha kichwa akatoka. Kwa heshima yake hakuligusa tena jambo hilo mpaka anahamishwa. Siwezi kusema kwamba ufaulu ulipanda kwa sababu ya kipindi kile cha hesabu. Katika miaka miwili iliyofuata tulipata mmoja, kisha wawili, kama zamani. Lakini wale waliokuwa wakifungua mdomo siku ya Ijumaa sikuwafuatilia, na leo sijui hata majina yao.

Nyumbani nilikuwa vile vile. Nilikuwa na watoto wanne. Niliporudi waliniamkia, nikawauliza habari za masomo, kisha nikakaa mezani na chemli yangu na kalamu ya wino mwekundu. Wao walikwenda chumba cha pili na mama yao. Nilisikia minong'ono na vicheko kupitia ukutani, na zaidi ya mara moja niligonga meza ili wanyamaze.

Mke wangu alifariki mwaka 2012. Usiku wa tatu wa matanga, wageni wengi walipokwisha kuondoka, watoto wetu wanne, ambao sasa ni watu wazima wenye mvi, walikaa mkekani wakimkumbuka mama yao. Mmoja akaanza, "Paukwa." Wengine wakaitika. Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, hadithi ya kima na mamba ikisimuliwa na watoto wangu. Mke wangu alifundishwa na bibi yangu katika miezi ile michache waliyoishi pamoja kabla bibi hajafa. Aliichukua akaibeba miaka yote ile, chumba cha pili, nami nikiwa mezani.

Nikasema, "Hadithi hiyo ni ya bibi yangu." Walishangaa. Mwanangu wa pili akasema kwa upole, bila nia ya kunichoma, "Baba, sisi hatukujua kama nawe unazo hadithi. Tulichokuwa tukikijua ni mwanga wa taa chini ya mlango. Mama alikuwa akituambia, taa ikizimwa, baba amemaliza, nanyi mmelala."

Sikujibu. Nimeyafikiri maneno hayo kwa miaka mingi sasa, na makala hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Tangu hapo nilianza kusoma kuhusu jambo hili, kwa msaada wa walimu vijana wanaoniletea maandiko. Nitaeleza kwa ufupi yale niliyoyaona kuwa na uzito.

Kwanza, lugha. Mwaka 1988 huko Marekani, mtaalamu aitwaye Grover Whitehurst na wenzake waliwafundisha wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi namna ya kusoma nao kitabu: wasisome tu moja kwa moja, bali waulize maswali yasiyo ya ndiyo au hapana, wamsikilize mtoto, wayapanue maneno yake. Kwa mwezi mmoja tu, watoto hao waliwapita katika kusema wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Hiyo ndiyo paukwa na pakawa. Hilo ndilo swali la moyo wa punda. Nilidhani bibi alikuwa akitufurahisha tu, kumbe alikuwa akifundisha kwa njia ambayo chuoni hatukuifikia.

Pili, usingizi. Mwaka 2009 ulichapwa uchunguzi uliowahusu akina mama zaidi ya 400 wenye watoto wadogo. Baadhi yao waliombwa kufuata utaratibu ule ule kila usiku kabla ya kumlaza mtoto: kumwogesha, kumpaka mafuta, kisha utulivu wa kumkumbatia au kumwimbia. Watoto hao walilala upesi zaidi na kuamka mara chache zaidi, na akina mama wenyewe wakawa na moyo mwepesi. Si hadithi peke yake iliyopimwa hapo, na sitaki kuisingizia. Kilichopimwa ni mpango: jambo lile lile, kwa mtu yule yule, kila usiku. Mtoto anayejua nini kitafuata hulala bila vita.

Tatu, hofu. Hili nalisema kwa kuona kwangu. Mtoto ana hofu hata kama hajasimuliwa kitu. Anaogopa giza, anaogopa kuachwa, anaogopa ugomvi wa wakubwa. Hadithi huipa hofu hiyo umbo na jina, kisha humwonyesha mdogo aliyeishinda kwa akili. Kima yuko mgongoni mwa mamba, katikati ya mto, hana nguvu yoyote ila maneno, na anaokoka. Tena mtoto anayasikia hayo akiwa ameegemea mguu wa mtu anayemwamini. Ndiyo maana mdogo wangu alikojoa kitandani: siku zile bibi alisimulia zimwi, kisha akaondoka kwenda kulala bila kuhakikisha kwamba mtoto ametulia. Zimwi halina neno iwapo msimulizi habanduki.

Na mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa msimamo kwamba wazazi washauriwe kuwasomea watoto wao tangu wakiwa wachanga. Madaktari wameona hilo ni jambo la afya. Mimi, mwalimu, nililiona ni la kupoteza muda.

Sitaki msomaji adhani kwamba hadithi ni dawa ya kila ugonjwa. Mtoto mwenye njaa anahitaji uji kwanza. Darasa la watoto 100 linahitaji walimu zaidi, si ngano zaidi. Kuanzia mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba waligundua kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Tatizo hilo lina mizizi mingi. Mimi nataja mzizi mmoja tu, ule ambao haukuhitaji bajeti.

Wala sisemi kwamba zamani tu ndiko kulikokuwa na heri. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, na kwa jitihada zake shule nyingi zikapata vitabu vya hadithi vya Kiswahili vyenye picha. Bibi yangu hakuwa na kitu kama hicho. Shule yangu nayo iliwahi kupata vitabu vya hadithi. Nikavifungia kabatini visichafuke, na ufunguo nikauweka mfukoni. Naungama hilo pia. Kitabu cha mtoto kisichochafuka hakijafanya kazi.

Leo saa ile ya usiku ina wagombea wengi. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na simu za mkononi zimefuata. Wamekuwapo watoto wa miaka sita waliolala bwenini, na wapo wanaorudi toka masomo ya ziada wakiwa hoi. Wazazi wa mjini huondoka alfajiri na kurudi usiku kwa foleni. Mwanangu yule wa pili ni mmoja wao. Anafanya kazi Dar es Salaam, na mara nyingi hufika nyumbani saa tatu, mtoto wake wa miaka saba amekwisha kulala. Nilipomwona anabeba mkoba wenye makaratasi ya ofisini mpaka mezani, nilijiona mimi. Sikuwa na haki ya kumkaripia.

Nikafanya nilichoweza. Kila Jumamosi saa mbili usiku huwapigia simu. Simu hii niliyoilaumu mikutanoni, sasa ndiyo kigoda changu. Mjukuu huiweka mtoe sauti. Nasema, "Paukwa!" naye anaitika, "Pakawa, babu!" Nikisikia sauti hafifu, nanyamaza kama bibi alivyonyamaza, mpaka anapiga kelele nami naondoa simu sikioni. Nimemsimulia kima na mamba kwa majuma matatu, kipande kwa kipande, na nilipofika kwenye swali la moyo wa punda nilimwambia akalale nalo.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na jibu. "Babu, moyo alikuwa nao, ila hakuwa akiusikiliza." Nikamwambia hilo ni jibu la mtu mkubwa, amelipata wapi? Akasema, "Nilimwuliza baba. Tulibishana." Nikasikia nyuma yake sauti ya mwanangu ikicheka. Kumbe naye alikuwa amekaa karibu anasikiliza.

Kwa wazazi wasomao kitabu hiki nina shauri moja, lile nililopaswa kuwapa tangu mwaka 1970. Tengeni robo saa, hata kama ni mara mbili kwa juma. Kama hamna hadithi, someni kitabu. Kama hamna kitabu, semeni mlivyokuwa mkiishi mlipokuwa wadogo. Ulizeni swali, kisha msilijibu. Na mkae mpaka mtoto alale.

Juma lililopita mjukuu aliniambia kwamba Jumanne baba yake alifika mapema, akamsimulia hadithi ya mazimwi. Nikamwuliza, "Iliishaje?"

"Haikuisha, babu. Baba alilala kabla yangu."